TIMU YA TAIFA HAINA RANGI MBILI

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika mkutano wa tawi, Jumapili alasiri



Kamati ya tawi ilitutaka tuzungumze leo juu ya timu ya taifa. Jambo hili lilipotangazwa juma lililopita wapo walioguna wakasema, mpira na chama wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Tangu timu yetu iliporudi kutoka Morocco mwezi wa Januari 2026, hapana neno lililowagombanisha wanachama wa tawi hili kama neno la mpira. Ndugu wawili waliokuwa wakinywa kahawa ya buli moja hawasalimiani. Mmoja wao alibeba kiti chake akakihamishia baraza jingine. Jambo linalowatenga wanachama namna hiyo ni jambo la chama, na sisi hatuwezi kulifumbia macho.

Basi tuanze na yale yasiyo na ubishi. Tanzania imeingia mara 4 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mara ya kwanza ilikuwa 1980 huko Lagos, tukafungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Baada ya hapo tukakaa miaka 39 tukiwatazama wenzetu. Mwaka 2019 tukarudi, huko Misri, tukafungwa mechi zote 3: na Senegal, na Kenya, na Algeria. Katika fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 Morocco walitufunga 3-0, kisha tukatoka sare na Zambia na Kongo. Na hizi za Morocco mmeziona wenyewe. Nigeria 2, sisi 1. Uganda 1-1. Tunisia 1-1. Pointi 2 zikatuvusha kwenda mzunguko wa pili, jambo ambalo halijapata kututokea, na huko Rabat tarehe 4 Januari 2026 wenyeji wakatufunga goli 1 kwa bila, nasi tukalia penalti ya dakika za mwisho ambayo refa hakuitoa.

Jumlisheni. Mechi 13. Sare 5, kufungwa mara 8, kushinda hakuna. Hii ndiyo hesabu yetu, na mwenye kuipenda nchi yake hana budi kuitazama usoni. Lakini aitazame yote. Timu iliyofungwa mechi zote Misri siyo timu iliyomhangaisha mwenyeji Rabat. Na mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tuliyoyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, vijana wetu waliongoza kundi lao bila kufungwa, wakatolewa robo fainali na Morocco hao hao kwa goli moja. Asemaye hatukusogea asema uongo. Asemaye tumefika pia asema uongo.

Sasa ubishi. Sisi tulikaa barazani jioni tatu tukisikiliza tu, na tulisikia mengi.

Wa kwanza alisema, kosa ni la kocha. Makocha wetu, ndugu zangu, tumewalaumu wote. Maximo wa Brazil alipokuja 2006 tulimbeba mabegani, na alipoondoka 2010 wengi wetu tulikuwa tumemchoka. Amunike wa Nigeria alitupeleka Misri akafukuzwa mwaka ule ule. Amrouche wa Algeria alitupeleka Ivory Coast, ulimi ukamponza, akafungiwa katikati ya mashindano. Hemed Suleiman, mwenzetu, aliipokea timu ikiwa taabani akaivusha tena kwa kuwafunga Guinea 1-0 hapa Dar es Salaam mwezi wa Novemba 2024. Baada ya mwaka mmoja akawekwa kando, akapewa Gamondi wa Argentina muda mfupi kabla ya safari ya Morocco. Mtu mmoja barazani alituambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba Gamondi hafai kwa sababu aliwahi kuifundisha Yanga. Hakutaja goli wala mbinu. Yanga tu! Tutarudi kwake.

Wa pili alisema, wazee watoke. Alikusudia Mbwana Samatta na Simon Msuva. Samatta alizaliwa 1992 na Msuva 1993, hilo ni kweli, na miguu haidanganyi. Lakini yatupasa kuwa na adabu. Samatta ni kijana wa Mbagala, hapo tu, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara letu mwaka 2015, na 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika ligi kuu ya Uingereza. Goli lililowafunga Guinea lilikuwa la Msuva. Penalti tuliyofunga mbele ya Uganda huko Morocco ni ya Msuva. Kumwambia mtu kama huyo atoke ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumwonyesha kijana atakayeingia, na barazani pale kila tulipouliza, ni nani huyo, watu walitazamana.

Wa tatu alitaka tuwalete wengi zaidi waliokulia ng'ambo. Hatuna ugomvi naye. Charles M'Mombwa aliyekulia Australia ndiye aliyewafunga Nigeria, na Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia waliozaliwa Uingereza wamevaa jezi yetu kwa moyo. Damu ni damu. Tunachokataa ni kugeuza jambo hili dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2025 wachezaji watatu wageni wa klabu moja walipewa uraia wetu, na nchi nzima ikawa kelele, huku mtoto wa Mtanzania aliyechukua paspoti ya kigeni haruhusiwi uraia wa nchi mbili akiwa mtu mzima. Sheria ikiwa kali kwa mwana na laini kwa mgeni, wananchi wana haki ya kuuliza. Nasi twauliza, kisha twaendelea.

Kwani ubishi wenyewe hasa haukuwa huo. Kila ulikoanzia uliishia mahali pamoja: Simba na Yanga. Huyu kaachwa kwa sababu ni wa Simba. Yule kapangwa kwa sababu ni wa Yanga. Tulihesabu, katika jioni zile tatu majina ya wachezaji 19 yalitajwa, na hapana hata mmoja aliyetajwa bila klabu yake kutangulia.

Vijana wengi hawajui asili ya ugomvi huu. Young Africans iliundwa 1935, wakati Mwafrika wa mji huu alikuwa na vyombo vichache tu vya kwake, kama vyama vya ngoma, vya maziko na vya mpira. Mwaka uliofuata wengine walijitenga wakaunda timu yao, ambayo baadaye ikaitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza, ikabaki nalo hata miaka 10 baada ya Uhuru, mpaka 1971 ilipokuwa Simba. Basi hawa walikuwa ndugu wa nyumba moja waliogombana, kama ndugu wanavyogombana. Na wazee hao hao wa Kariakoo na Ilala walipoitwa kuichezea Tanganyika waliungana. Kombe la Gossage, lililopewa jina la tajiri mmoja wa sabuni wa Kiingereza, Tanganyika ililichukua mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, mbele ya Kenya, Uganda na Zanzibar. Walikuwa watu wasio na bendera yao.

Na tazameni Ndola, 1979. Tuliwafunga Zambia 1-0 hapa nyumbani, tukaenda kwao tukihitaji sare. Wakatangulia kufunga. Kisha Peter Tino akasawazisha, nasi tukaenda Lagos. Wapo wazee humu ukumbini walioisikiliza mechi ile redioni, na wametusimulia mara nyingi, pengine mara nyingi mno. Lakini hatujamsikia hata mzee mmoja aliyeanza hadithi ile kwa kututajia klabu ya Tino.

Leo mambo yamekuwaje? Mwaka 2018 Amunike aliwaacha wachezaji 6 wa Simba kwa kuchelewa kufika kambini. Mji ukagawanyika palepale: wa Simba wakasema twaonewa, wa Yanga wakacheka. Hapana aliyeuliza kama kuchelewa kambini ni kosa au si kosa. Mmoja katika wale sita alikuwa Erasto Nyoni. Akarudishwa, na tarehe 24 Machi 2019, tulipowafunga Uganda 3-0 tukakata tiketi ya Misri, goli moja alifunga yeye, jingine Msuva, jingine Aggrey Morris. Siku ile uwanja ulikuwa na watu kama elfu sitini na rangi moja tu.

Lakini sisi tumekaa jukwaani siku nyingine. Tumemwona kijana wa miaka ishirini na ushei akikosa goli, na kabla mpira haujafika nje ya mstari sauti zikatoka nyuma yetu: rudi kwenu Msimbazi! Mechi nyingine ilikuwa: rudi kwenu Jangwani! Yule kijana alisikia. Mpira uliofuata alipokea, akaurudisha nyuma. Na wa baada ya huo akaurudisha nyuma. Mtu aliyeogopeshwa na watu wa kwao hapigi golini, ndugu zangu, anatafuta wa kumkabidhi lawama. Wageni walikuwa wamesimama tu, sisi tukiwafanyia kazi ya ulinzi.

Na waliopiga kelele zile si watu wa mbali. Wawili wamo humu. Hatutawataja, wanajijua, na mmoja kainamisha kichwa sasa hivi.

Tukitoka kwenye kelele hizo ndipo tutaona swali lenyewe, ambalo barazani halikuulizwa hata mara moja. Tatizo letu ni magoli. Katika mechi 4 za Morocco tulifunga 3, na moja katika hayo ni penalti. Sasa jiulizeni mfungaji wa Tanzania anafundishwa wapi kufunga. Tazameni wafungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu wa 2018/19 na uliofuata: Meddie Kagere wa Rwanda, magoli 23 na kisha 22. Ulifuata msimu wa John Bocco, mwenzetu, 16. Kisha George Mpole wa Geita Gold, mwenzetu, 17. Kisha Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi, 17 kila mmoja. Kisha Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. Kisha 2024/25 Ahoua wa Ivory Coast, 16. Misimu 7, na miwili tu ndiyo ya Watanzania. Golini vilevile: msimu huo wa 2024/25 lango la Yanga alisimama Diarra wa Mali, la Simba Camara wa Guinea. Kanuni za misimu ya karibuni ziliruhusu klabu kusajili wageni 12.

Tusieleweke vibaya. Wageni hao ni Waafrika wenzetu, nasi si watu wa kumfukuza Mwafrika. Wametufundisha mengi. Kwa nguvu zao Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na Simba ikafika 2025, na tulifurahi, wengine kwa zamu. Wala hatusemi kanuni ifutwe kesho. Tunasema hivi: klabu ina haki ya kununua mfungaji Abidjan, lakini taifa haliwezi kununua. Taifa halina soko. Lina watoto wake tu. Na kama mtoto mwenye kipaji cha kufunga atakaa benchi Kariakoo miaka mitatu akimtazama mgeni, basi siku ya kuvaa jezi ya taifa atakuja na miguu ya mtu wa benchi. Wale wanaohesabu wachezaji wangapi wa Simba na wangapi wa Yanga wamo kikosini wanahesabu kitu kisicho na maana. Wahesabu dakika. Kijana huyu kacheza dakika ngapi msimu huu, katika nafasi yake, katika mechi ngumu? Hapo atakuwa ameuliza swali la mwananchi.

Na kabla ya Ligi Kuu kuna utoto. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwani hapa lawama inatoka mbali ikaja kukaa juu ya mikeka yetu.

Mnaikumbuka Serengeti Boys? Timu ile ya watoto ilipata nafasi ya fainali za Afrika za 2005 huko Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Zimbabwe wakaenda badala yetu. Ikatuchukua miaka 12 kurudi: Gabon 2017, ambako vijana walitoka sare na Mali na kuwafunga Angola. Mwaka 2019 mashindano yakachezwa hapa hapa Dar es Salaam, tukafungwa mechi zote 3, ingawa ile ya Nigeria ilikuwa 5-4. Kelvin John wa kikosi kile alikwenda Ulaya. Wenzake wengi tuwatafute kwa taa.

Umri ule haukuandikwa na mkoloni, ndugu zangu. Unaandikwa mitaani. Sisi wenyewe, katika kazi za tawi, tumejiwa na wazazi wakitaka barua ya kusema mtoto kazaliwa miaka mitatu mbele. Mzazi anakuja na sukari kilo mbili. Anasema, jamani, mtoto ana bahati, skauti anakuja Jumatatu. Mmoja alipokataliwa alituita wachawi wa maendeleo. Lakini huyo mtoto wa miaka kumi na tisa akiingia kwa jina la miaka kumi na sita, amemtoa mtoto wa kweli wa miaka kumi na sita, labda wa jirani yake, labda wako wewe uliyekaa hapo. Na yeye mwenyewe anamaliza nguvu zake mapema, watu wanashangaa kwa nini nyota imezimika akiwa na miaka ishirini na mbili, kumbe ana ishirini na mitano. Tangu leo barua hizo hazitaandikwa katika tawi hili, na atakayeiandika tutaliweka jina lake ubaoni.

La mwisho ni kiwanja, na hili ndilo lililotuleta.

Mnakijua kiwanja chetu cha nyuma ya soko. Wengi wetu tulichezea pale, miguu mitupu, mpira wa makaratasi na kamba. Kilikuwa na magoli mawili ya miti na nafasi ya kutosha timu mbili na wapita njia. Leo goli la upande wa kusini liko wapi? Kuna fremu za maduka 6. Zilianza mbili, kwa maneno ya kwamba ni za muda. Watoto wanacheza upana badala ya urefu, na mpira ukipita unavunja chupa za mwenye duka, naye anauchoma kisu. Tumeyaona haya mara mbili katika mwezi mmoja. Wenye fremu hizo ni wanachama. Wawili ni wajumbe wa kamati iliyotutaka tuzungumze leo juu ya timu ya taifa, na tunawashukuru kwa ujasiri wao wa kutualika.

Ndugu hao tuliwaendea kabla ya mkutano, nyumbani kwao, kwa heshima, kwani hatukutaka kuwaaibisha mbele ya watoto wao. Mmoja alisema amekopa ili ajenge, naye ana wanafunzi watatu wa kulipia. Tunamwamini. Hatutaki mtu afilisike kwa ajili ya mpira. Tumekubaliana naye kwamba atahamia safu mpya ya upande wa barabara, ambako nafasi ipo, tawi likimsaidia mabati na mafundi. Wa pili hajakubali. Alituuliza, timu ya taifa imewahi kunipa nini? Swali lake lina haki ya kujibiwa, nasi tulimjibu kwamba haikumpa kitu, na ndiyo sababu ya kuja kwetu. Hapa tunasema juu ya mtoto wake wa mwisho, yule mwenye mguu wa kushoto, ambaye kila jioni anachezea barabarani kati ya bajaji kwa sababu baba yake kakalia goli. Alinyamaza. Akasema atafikiri. Tumempa juma moja, na tunawaomba nyinyi msimzonge njiani, maana mtu anayefikiri hahitaji kelele, kama yule kijana wa uwanjani.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa kuandaa fainali za Kombe la Mataifa za 2027. Timu itakayocheza fainali hizo haitatoka nyuma ya soko letu; muda hautoshi, na atakayewaambia vinginevyo anawadanganya. Watakaocheza ni hawa hawa mnaowazomea. Mtoto wa mguu wa kushoto ana miaka 11, na cheti chake ni cha kweli, tumekiona.

Jumamosi ijayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakutana kiwanjani. Mafundi seremala wawili wamejitolea miti ya goli la kusini, na mahali pa kulichimbia tumepapima: panapita katikati ya fremu ya tatu na ya nne, zile za ndugu aliyekubali. Mwenye jembe aje nalo, mwenye toroli vilevile. Akina mama wamesema watapika uji. Jezi ya rangi yoyote inaruhusiwa, kwani vumbi lile litazifanya zote kuwa moja kabla ya saa tatu.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama.